Siombi Uwatoe Katika Ulimwengu

Bwana asifiwe, wapendwa. Neno la wiki hii ni Yohana 17:15: "Mimi siombi kwamba uwatoe katika ulimwengu, bali uwalinde na yule mwovu."

Wengi wetu huomba kinyume. Mtu akihamishiwa ofisi yenye hongo, tunafunga ili Bwana amtoe. Kijana akipanga chumba karibu na baa, mama yake haachi kulia mbele za Mungu hadi ahame. Sisemi maombi hayo ni mabaya. Lakini usiku ule wa kusalitiwa, alipoomba maneno haya, Yesu alijua Petro atamkana kabla ya jogoo kuwika, na bado hakuomba wanafunzi wake waondolewe. Aliomba walindwe humo humo walimo.

Ulinzi wa namna hiyo unakuwaje? Mtazame ngege, samaki wetu wa ziwani. Mama wa samaki pale Dunga akitaka kukuhakikishia kwamba ngege wake ni wa leo, huinua kifuniko cha shavu kwa kidole gumba uone matamvua yalivyo mekundu. Hapo ndipo samaki anapopumulia, lakini kuna kazi nyingine inayofanyika papo hapo ambayo wengi hatuijui. Damu ya ngege ina chumvi nyingi kuliko maji ya Ziwa Victoria, tena kwa mbali sana. Kwa hiyo saa zote chumvi yake inavuja kwenda ziwani, na maji ya ziwa yanapenya kuingia mwilini. Maji ya ziada huyatoa kwa mkojo mwepesi. Chumvi nayo hurudishwa na seli maalumu za matamvua: zinaziokota ioni, yaani chembe za chumvi, kutoka maji yenye chumvi haba na kuziingiza kwenye damu ambayo tayari ina nyingi. Ni kuvuta kinyume cha mkondo, na kunakula nguvu. Samaki huyo hatoki ziwani hata siku moja. Analindwa akiwa majini.

Nawe umeumbwa vivyo hivyo. Kila seli ya mwili wako imezungushiwa utando mwembamba sana. Nje ya utando sodiamu, ile iliyomo katika chumvi, ni takriban mara 10 ya ile iliyo ndani. Potasiamu ndiyo imejaa ndani, mara 30 hivi kuliko nje. Utando wenyewe unavuja. Kinachoishikilia tofauti hiyo ni protini iliyopenya utando, ambayo wanasayansi huiita pampu ya sodiamu na potasiamu. Kwa kila molekuli moja ya ATP, ile inayobeba nishati ya seli, pampu hutoa ioni 3 za sodiamu na kuingiza ioni 2 za potasiamu, kisha inaanza tena. Aliyeigundua ni daktari wa Denmaki, Jens Christian Skou, aliyekuwa akichunguza neva za miguu ya kaa. Aliandika matokeo yake mwaka 1957, na tuzo ya Nobel ya kemia akaipata 1997. Miaka 40! Namshukuru Mungu kwa watu wenye subira ya kuangalia kitu kidogo kiasi hicho.

Wavuvi wetu wanalielewa jambo hili bila kufundishwa. Mtumbwi wa mbao, hata ulio mzima, huingiza maji, na safari nzima kuna mtu mwenye kopo anayeyachota na kuyamwaga nje. Na pampu ya seli ikisimama, sodiamu inaingia, maji yanaifuata, seli inavimba na mwisho inapasuka. Ukikuta seli ambayo chumvi yake ya ndani imelingana na ya nje, umekuta seli iliyokufa.

Ndiyo maana Waebrania 2:1 inanigusa sana: "Kwa hiyo imetupasa kuyaangalia zaidi hayo yaliyosikiwa tusije tukayakosa." Sijaona mtu aliyeamka asubuhi moja akakata shauri kumwacha Mungu. Kufanana na mazingira hakuhitaji kukata shauri. Kunahitaji tu kazi ya ndani isimame.

Lakini kazi hiyo ni ya nani? Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu kuna waliochoka kati yetu. Dada mmoja anayemuuguza mzazi wake aliniambia hana nguvu hata ya kufungua Biblia, na anaogopa kwamba anamponyoka Mungu. Dada yangu, sikiliza. Mtu akiwa amelala fofofo, sehemu kubwa ya nishati anayoitumia, kama robo hivi, inaendesha pampu hizi. Hajaziamuru. Hajui ziko wapi. "Naam, hatasinzia wala hatalala usingizi, yeye aliye mlinzi wa Israeli" (Zaburi 121:4). Ulipopitiwa na usingizi kando ya kitanda cha mgonjwa, ulikuwa unalindwa.

Na sehemu yetu ipo. Huku kwetu kipindupindu tunakijua. Sumu yake huufanya utumbo umwage maji na chumvi, na mgonjwa akinywa maji matupu hayamtoshi. Ila kwenye seli za utumbo kuna njia moja ambayo sumu hiyo haiizibi: protini inayopitisha sodiamu na glukosi, yaani sukari, pamoja. Sodiamu inakubali kuingia kwa sababu upande wa pili wa seli, ule unaoelekea damu, pampu imekuwa ikiitoa muda wote na kuiacha seli na upungufu. Sodiamu ikiingia na sukari, maji hufuata. Ndiyo siri ya pakiti ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari unaokorogwa katika maji. Ukikosa pakiti, chukua vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi, koroga katika lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, huku mkifanya haraka kumfikisha mgonjwa hospitali. Mama anayemnywesha mtoto kijiko baada ya kijiko anafanya kazi ya kweli kabisa. Lakini kijiko chake kinafaa kwa sababu ya kazi ambayo haikuanzishwa na mama, na haijakoma ndani ya mtoto aliyelegea.

Paulo aliyaweka yote mawili katika pumzi moja: utimizeni wokovu wenu, "kwa maana ndiye Mungu atendaye kazi ndani yenu, kutaka kwenu na kutenda kwenu" (Wafilipi 2:12-13). Kwa hiyo ukiweza mstari mmoja tu leo, soma huo mmoja. Ukiweza kusema "Bwana, nisaidie" peke yake, sema.

Jumatano tukikutana tutaisoma Wafilipi sura ya 2. Mwenye mgonjwa nyumbani na hana wa kumwachia, atuambie mapema ili mmoja wetu aje akae naye.