Kompyuta ya gari: uliza kwanza itazimwaje

Jumapili, jioni

Anayejiundia kompyuta ya gari huanza kwa kuuliza ni mfumo endeshi upi unaopendeza kwenye skrini. Swali hilo lingekuja mwisho. Kompyuta ya mezani huzimwa kwa utaratibu, lakini ya kwenye gari hukatiwa umeme kila funguo inapochomolewa: kituo cha mafuta, sokoni, shuleni kwa watoto, kisha nyumbani. Cha kuuliza ni kama mfumo huo, ukikatwa ghafla huku unaandika kwenye kadi ya kumbukumbu, utaamka kesho asubuhi.

Sababu ya kuhangaika na kazi hii hapa Uganda inaeleweka. Magari mengi yetu yametumika Japani kwanza, na redio zake hushika FM ya kule, 76 hadi 90 MHz. Mpya kidogo hufika 95. Kwa hiyo jijini Kampala utaipata CBS kwenye 88.8, lakini Capital FM iliyo 91.3 huwezi kuifikia na redio inayoishia 90. Halafu betri ikibadilishwa, baadhi ya redio za ramani hudai namba ya siri, tena kwa Kijapani. Ndipo watu huing'oa na kutafuta kitu cha kujaza lile tundu la dashibodi.

Windows kwa kawaida haifai kazi hii, ingawa ndiyo tuliyoizoea. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka RAM ya GB 4, diski ya GB 64 na TPM 2.0 (chipu ya usalama), yaani kompyuta ndogo kamili pamoja na pawasaplai ya gari kama M4-ATX, inayopokea volti 6 hadi 30. Kinga yake ya kuzuia kuandika kwenye diski, UWF, haimo katika Home wala Pro. Na ukiiunganisha na hotspoti ya simu bila kuiambia kwamba mtandao huo unalipiwa, itakunywa bando lote kabla hujafika Mukono.

Android inavutia zaidi, kwa kuwa OsmAnd na Organic Maps zinaendesha ramani ya Uganda nzima bila mtandao. Lakini Android ya Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, si rasmi, kwa kawaida haiji na huduma za Google, na huandika kwenye kadi muda wote. Anayetaka sura ya Android aiache simu ifanye kazi hiyo, kisha Pi iwe skrini tu kwa kutumia OpenAuto, programu inayoonyesha Android Auto ya simu. Si wazo baya hata kidogo.

Kinachobaki ni Raspberry Pi OS Lite, mfumo wa Pi yenyewe usio na mapambo, juu ya Pi 4. RAM ya GB 2 inatosha. Siri yake iko ndani ya raspi-config, programu yake ya mipangilio: ingia Performance Options, kisha Overlay File System, ukubali, ukubali pia boot partition ifungwe, halafu uwashe upya. Kuanzia hapo kila kinachoandikwa huishia kwenye RAM na hupotea umeme ukikatika. Kadi haiguswi. Muziki na ramani uviweke kwenye flashi ya USB, na katika /etc/fstab, faili la orodha ya diski, uandike ro,noatime,nofail. Neno nofail usilisahau: flashi ikichomoka kwenye matuta, bila neno hilo mfumo utaisubiri sekunde 90 kisha ukuachie skrini nyeusi ya dharura.

Overlay ina kero yake. Utaweka nenosiri la Wi-Fi leo, kesho halipo, na utailaumu kadi bure. Kila badiliko la kudumu linadai uifungue overlay, uwashe upya, urekebishe, uifunge, uwashe tena.

Kasi ya kuwaka ni jambo dogo. Endesha systemd-analyze blame uone nani anachelewesha. Mara nyingi ni NetworkManager-wait-online, inayosubiri mtandao, nayo izime tu. Ongeza disable_splash=1 na boot_delay=0 ndani ya /boot/firmware/config.txt.

Sasa umeme, ambao huua kompyuta hizi kuliko mfumo wowote. Injini ikiwa imezimwa, betri nzima huwa na volti 12.6 hivi, ikinguruma, 13.8 hadi 14.4, ukipiga stata hushuka hadi 9 au chini zaidi. Kwenye Toyota nyingi waya wa bluu wenye mstari wa njano ni umeme wa kudumu, kijivu ni ACC (umeme unaokuja ukigeuza funguo), kahawia ni ethi, lakini pima kwa mita kwanza, kwa sababu huenda fundi mwingine alishapita hapo. Fyuzi ya ampea 3 ikae karibu na chanzo. Vijibodi vya LM2596 vya kushusha volti vimeandikwa ampea 3, ila ukivibana kiasi hicho vinachemka. Nunua cha ampea 5, ukiseti volti 5.1, na waya wa kufika kwenye Pi uwe mfupi na mnene. Kisha andika kwenye Pi amri vcgencmd get_throttled. Jibu likiwa 0x0, uko salama. Likiwa 0x50005, volti ni ndogo sasa hivi na kasi imepunguzwa, na hapo usiguse programu, gusa waya.

Usiiunge kwenye umeme wa kudumu bila kitu cha kuikata. Pi 4 iliyotulia hula karibu wati 3, yaani robo ampea kwenye volti 12. Gari likikaa siku tatu, ampea-saa 18 zimekwenda, nusu ya betri ndogo ya 35. ACC peke yake inatosha ukiwa na overlay, ila kumbuka kwamba ACC nyingi hukatika unapopiga stata, hivyo Pi itaanza upya. Dawa rahisi ni kuwasha injini kwanza, halafu swichi ndogo ya Pi.

Pi 4 haina saa ya ndani. Bila mtandao itakupa tarehe ya zamani, na tovuti za https zitakataa kufunguka. Kijibodi cha saa cha DS3231 chenye betri yake kinaimaliza shida hiyo kwa mstari mmoja ndani ya config.txt: dtoverlay=i2c-rtc,ds3231. FM utaipata kwa RTL-SDR, kipokezi cha redio cha USB, na 91.3 itasikika. Na sauti ya kukuelekeza njia si lazima iwe ya Kiingereza. Amri espeak-ng -v sw "pinda kushoto" hutamka Kiswahili kinachoeleweka, ingawa kimekauka kidogo.

Pi usiibandike juu ya dashibodi chini ya kioo. Ikifika nyuzi 80 hupunguza kasi yenyewe, na jua la mchana likikuta gari limeegeshwa limefungwa vioo, inaanza safari tayari imechemka. Iweke nyuma ya boksi la glavu, na feni ndogo ya volti 5 ikivuta hewa, pamoja na kitambaa chembamba cha kuzuia vumbi ambacho utakikung'uta kila unapobadilisha oili.