Binti wa Aliyemshikilia

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Wiki hii maua mekundu yamejaa kwenye ndoo za wauzaji, na vijana wetu wameshaanza kuazimana mashati na magauni ya rangi hiyo. Sina ugomvi nao. Mawaridi mengi yanayouzwa Ulaya siku ya wapendanao hukatwa Naivasha, na zipo familia za waumini zinazosomesha watoto kwa maua hayo. Ninachotaka kukumbusha ni kwamba hiyo nyekundu ya tarehe 14 Februari ilianza kwa damu ya mfiadini.

Valentino alikuwa padre wa Roma. Simulizi za kale zinasema aliuawa wakati wa Kaisari Klaudio II, aliyetawala kuanzia mwaka 268 hadi 270, akazikwa kando ya barabara ya Via Flaminia. Simulizi nyingine inamtaja Valentino askofu wa Terni, naye akauawa Roma, naye kumbukumbu yake ikawekwa tarehe hiyohiyo, hata wapo wataalamu wanaoona ni mtu mmoja aliyesimuliwa mara mbili. Kaburi la Via Flaminia lenyewe liliheshimiwa tangu zamani: katika karne ya 4 lilijengewa kanisa, na mahujaji walikuwa wakipita kusali hapo.

Mwaka 1969 sikukuu yake iliondolewa kwenye kalenda ya Kanisa zima, kwa kuwa habari za hakika za maisha yake ni chache mno. Siku hiyo sasa tunawaadhimisha Cyril na Methodius, mitume wa Waslavi. Lakini jina la Valentino limo bado katika orodha ya wafiadini. Hakuvuliwa utakatifu, kama wengine wanavyopenda kututania.

Na zile ndoa za askari ambazo watu husimulia kwamba Valentino alizifungisha kwa siri? Zinapendeza kuhubiriwa, ila ziliongezwa baadaye sana. Mambo ya wapenzi yalishika kasi karne ya 14, mshairi Mwingereza Geoffrey Chaucer alipoandika kwamba siku ya Mtakatifu Valentino ndege huchagua wenzi wao. Kumbe tumeletewa na ndege!

Simulizi inayonikalia moyoni ni ya zamani kuliko hizo, na ndani yake hakuna wapenzi hata mmoja. Valentino amekamatwa. Anakabidhiwa kwa afisa aitwaye Asterius, akae nyumbani kwake chini ya ulinzi. Anapoingia mle ndani anamwomba Kristo, aliye mwanga wa kweli, aiangazie nyumba ile. Asterius anamshika palepale: binti yangu ni kipofu, kama Kristo wako ni mwanga, basi na amwangazie huyu. Padre anaweka mikono juu ya macho ya binti, anasali, na binti anaona. Asterius anabatizwa pamoja na nyumba yake yote. Valentino anapigwa marungu, kisha anakatwa kichwa.

Utasema ni simulizi tu. Sawa. Lakini tazama Wakristo wa kale walichagua kumkumbuka kwa lipi. Petro gerezani alijiwa na malaika, minyororo ikamwanguka mikononi. Valentino mlango haukumfungukia. Muujiza ulipokuja, ulikwenda kwa mtoto wa mtu aliyemshikilia.

Hapo ndipo mimi hukwama. Kuwaombea adui kwa jumla ni kazi nyepesi: “Bwana, wabariki wanaonichukia” hutoka mdomoni bila jasho, na unaweza kuisema huku umekunja ngumi. Mtoto wa adui ni habari nyingine. Ukimwombea mtoto wa mtu apone, afaulu, apate kazi, unaomba baba yake acheke. Unaomba siku moja umsikie akicheka ng'ambo ya ukuta, nawe unywe chai yako kwa amani.

“Bali Mungu aonyesha pendo lake yeye mwenyewe kwetu sisi, kwa kuwa Kristo alikufa kwa ajili yetu, tulipokuwa tungali wenye dhambi” (Rum 5:8). Tungali, anasema Paulo. Kabla hatujaomba radhi.

Mimi adui wangu namjua. Tunapakana, na tangu ugomvi wa mpaka wa shamba hatujasalimiana. Tukikutana njiani kila mmoja anajifanya anatafuta kitu mfukoni. Kijana wake amelazwa tangu juzi. Zamu ya sala ya jumuiya wiki hii ni kwangu, na nitamtaja kijana huyo kwa jina, kwa sauti, watu wote wakisikia. Jina la baba bado linanikwama kooni. Niombeeni.