Anayejua kuambia asihangaike na "tell"

Mtu aliyesomeshwa kwa Kifaransa, kisha akaanza Kiingereza akiwa mtu mzima, hujikwaa mapema katika vitenzi vya kusema, wala sababu yake si uvivu. Kifaransa kina "dire", ambacho hutosha mahali ambapo Kiingereza kinataka "say" au "tell", na kina "parler", ambacho hubeba kazi ya "speak" na "talk" kwa pamoja. Mwanafunzi hupewa jedwali la tofauti hizo, akalikariri vizuri, lakini siku ya kuandika barua pepe ya kikazi akaandika "He said me", kwa kuwa kichwani mwake inasikika "il m'a dit", yaani "aliniambia". Ninavyoona mimi, mwanafunzi wa namna hiyo ambaye pia ni mjuzi wa Kiswahili anahangaika bure, kwani tofauti anayoitafuta anaitumia kila siku.

Hakuna Mswahili atakayetamka "alinisema kwamba mkutano umeahirishwa", maana kumsema mtu ni kumsengenya au kumgombeza. Atasema "aliniambia". Vilevile hatatamka "aliambia kwamba mkutano umeahirishwa" akaishia hapo, kwa sababu kuambia kunadai aliyeambiwa atajwe. "Tell" ina tabia hiyohiyo: "He told me that the meeting was postponed", yambwa, yaani yule aliyeambiwa, ikikaa moja kwa moja baada ya kitenzi bila kihusishi chochote kama "to". "Say" nayo inafuata kusema: "He said that the meeting was postponed", na ukilazimika kumtaja msikilizaji, utatanguliza "to", muundo ambao hutumika zaidi mtu anaponukuu maneno yenyewe.

Faida kubwa zaidi huonekana katika kauli ya kutendwa. Kifaransa hakiruhusu yule aliyeambiwa awe kiima cha sentensi, ndiyo maana husema "on m'a dit", yaani "mtu aliniambia", na mwanafunzi anayetafsiri kutoka huko huishia na "it was said to me", sentensi ambayo sarufi yake haina kosa lakini Mwingereza haisemi katika mazungumzo ya kawaida. Anayeanzia kwenye "niliambiwa" anafika mara moja kwenye "I was told", na "tumeambiwa tusubiri" inampa "we have been told to wait" bila kupinda chochote.

Hata hivyo kuna mahali Kiswahili na Kifaransa humpotosha kwa pamoja. Tunasema ukweli na tunasema uongo, Wafaransa nao husema "dire la vérité", lakini Kiingereza kinataka "tell the truth" na "tell a lie", kama kinavyotaka "tell a story", "tell the time" na "tell the difference", na hapa aliyeambiwa si lazima atajwe. Hayo ni ya kukariri tu. Kwa anayependa asili za maneno, "tell" hapo kale ilibeba pia maana ya kuhesabu, ndiyo maana karani wa benki anayepokea na kutoa fedha huitwa "teller". Kifaransa nacho kina "conter", yaani kusimulia, na "compter", yaani kuhesabu, yote mawili yakitoka kwenye neno moja la Kilatini, "computare".

Kuhusu "speak" na "talk" sioni haja ya kuumiza kichwa, kwani mara nyingi moja likikaa mahali pa jingine hakuna atakayeshtuka. Lugha ndiyo inayodai "speak", na hapo Kifaransa ni kiongozi bora kuliko Kiswahili, kwa kuwa sisi husema "anasema Kifaransa" na anayefuata njia hiyo ataandika "he says French".

Mambo yanayostahili muda zaidi ni vihusishi. Kifaransa husema "demander à quelqu'un", "répondre à une question" na "discuter de quelque chose", na hivyo huzaliwa "ask to him", "answer to the question" na "discuss about the problem". Kiswahili kinanyoosha yote matatu: tunamwuliza mtu, tunajibu swali, tunajadili tatizo, na Kiingereza vilevile ni "ask him", "answer the question", "discuss the problem". Kitenzi kinachotuponza ni "explain". Kwa kuwa tunasema "nieleze" na Wafaransa husema "explique-moi", kila upande unasukuma kuelekea "explain me", ilhali sahihi ni "explain it to me". "Suggest" iko hivyohivyo.

Hatari ya mwisho haipo kwenye muundo bali kwenye heshima. "Demander" ni kuuliza au kuomba, na haina ukali wowote, lakini "demand" ya Kiingereza ni kudai kwa sauti ya amri. Nimeona barua iliyoandikwa kwa nia njema kabisa ikianza "I demand you some information about the price", na aliyeipokea angeweza kudhani ana ugomvi na mteja asiyemjua. Mwandishi alikusudia kuomba, na kuomba kwa adabu katika barua ya namna hiyo huandikwa hivi: "I would like to ask you for some information about the price."