Tenki lipo, chatu bado

Wiki ya nne sasa nina tenki la kioo sebuleni linawaka joto mchana, linapuliziwa maji kila jioni, na ndani hamna kitu. Wageni wananiuliza samaki wako wapi.

Mnaonifuatilia mnamjua Kidawa, chatu wangu wa Afrika Magharibi, wale wanaojikunja kama mpira wakiogopa. Mwaka wa 6 huu niko naye hapa Ohio na shida yake ni moja tu, kususa kula (hawa wanaweza kususa miezi na wakawa wazima kabisa, usipaniki). Basi nilipoamua kuongeza chatu wa kijani, wale wa mitini wa huko New Guinea, nikajiambia chatu ni chatu, nanunua tenki kama la Kidawa yameisha. Thubutu! Kidawa ni wa chini, anataka pango la kujibana. Huyu maisha yake yako juu ya tawi, anajipinda pale kichwa katikati anatulia siku nzima, kwa hiyo joto litoke juu, na matawi yalale mlalo, unene tofauti tofauti achague mwenyewe.

Sasa sikieni. Siku ya tatu narudi kazini usiku nakuta kipimajoto cha kwenye tawi kinasoma 43, na mi niliseti 31! Kumbe ile sensa inayopima joto, ya termostati (kifaa cha kuwasha na kuzima joto), niliibandika na selotepu, unyevu ukaibandua, ikadondoka chini kwenye maganda ya miti niliyotandika, kule kwenye ubaridi, termostati nayo ikaamini kuna baridi ikazidi kuchochea. Angekuwemo ningemkuta kaiva. Na selotepu yenyewe ndani ya tenki la nyoka ni ujinga, ikimnasa inamchuna magamba. Nimeifunga na zile kamba za plastiki mafundi umeme wanazofungia nyaya.

Unyevu nao nilikosea, nilikuwa napulizia asubuhi na jioni kioo kinatoka jasho kutwa. Hawa wanataka palowe usiku halafu pakauke mchana, ukiwalowesha muda wote wanaugua ngozi na mapafu.

Namchukua kwa mtu anayewatotolesha mwenyewe na kaniwekea picha za mama na baba yake. Nasisitiza hili kwa sababu watafiti walishafuatilia mashamba ya Indonesia wakakuta angalau asilimia 80 ya chatu wa kijani waliokuwa wanauzwa nje kama wa kufugwa walitolewa porini, yani unalipa hela nyingi kununua minyoo na woga.

Wangu bado mdogo, wa njano kama ndizi mbivu, ukijani utakuja taratibu. Kumshikashika hakuna, mkia wa mtoto unavunjika kirahisi. Kidawa kahamia chumbani kwangu, miezi 3 hawachangii hata koleo la kulishia, maana kuna virusi vya mapafu hawa wa kijani wanakuja navyo na kwa macho huvioni.

Kilichobaki ni baridi tu, muuzaji kagoma kutuma nyoka kwenye barafu hii na namuunga mkono. Jana nikamtumia mama Morogoro video ya tenki, akaitazama weee, akapiga.

"Asha, mbona simuoni?"

"Hajafika mama, baridi."

"Alhamdulillah. Na hiyo baridi izidi."