Kimti cha getini kumbe ni sumu

Nyumba tuliyonunua Kibaha ina bustani nzuri kwelikweli, mzee aliyetuuzia alikuwa mtu wa miti, kuna milimao, mchaichai, mstafeli, vyote navijua isipokuwa kimti kimoja pale getini, kinanizidi urefu na majani hayapukutiki hata jua liwake vipi. Jirani anasema ni oleanda. Haya, nikaenda kukikagua vizuri.

Majani membamba marefu yanang'aa, lakini yamepangana moja moja kuzunguka tawi, wakati oleanda mara nyingi hutoa matatu matatu kwenye pingili moja. Ukivunja jani yanatoka maziwa meupe. Maua njano, umbo la tarumbeta, na tunda la kijani lina kona kona halafu likiiva linakuwa jeusi, ndani kokwa gumu. Hilo tunda ndo lilimaliza ubishi, hii ni thevetia, kitaalamu Cascabela thevetia, asili yake Mexico na Amerika ya Kati, ukoo mmoja na oleanda yenyewe.

Sasa tatizo, mti wote ni sumu, mbegu ndo balaa zaidi, sumu yake inavuruga mapigo ya moyo. Na mimi nina mtoto anayeokota kila kitu anatia mdomoni!! Mama watoto anataka kibaki eti maua yanapendeza, mimi nimeshaazima panga na glovu, Jumamosi kinaondoka na mizizi yake. Mwenye mche wa asmini anicheki basi.