Panya wasio na kansa

Siku ya sita leo, na swali la shangazi bado limenikwama kama mwiba wa samaki.

Mnada wa kwanza wa korosho umepita, Da Somoe kajifungua dume, tiketi ya kurudi maabara nimeshakata. Akili yangu iko palepale barazani Nanyamba, jioni ile, shangazi kajitanda kanga mbili na jua bado linawaka, nami namsimulia utafiti wangu kwa maringo yote.

Nikamwambia panya tunawanywesha maji ya majani ya mlonge siku kadhaa, ndipo tunawachoma sisplatini, dawa ya kansa, ileile aliyotundikiwa yeye Dar wakati wa mionzi. Ina platinamu ndani. Hutoka mwilini kupitia figo, na seli za vile virija vya figo huivuta na kuirundika mpaka zinakufa. Zile chupa za maji ya chumvi alizokuwa akizilalamikia ("wananijaza kama mtungi") zilikuwa za kuisukuma itoke. Baada ya siku chache tunapima kreatinini, taka ya damuni inayopanda figo zikidhoofika. Ya panya wangu wa mlonge haikupanda kama ya wenzao.

"Hao panya wana kansa?"

"Hawana, shangazi."

"Sasa hayo majani yameambiwa na nani yalinde figo tu? Yakiilinda hata kansa je?"

Nikacheka. Kicheko hicho ndicho kinachonichoma. Nikasema, "Tutafika huko," akanitazama vile anavyomtazama mtu wa kangomba, mnunuzi wa korosho wa magendo, akishika kipimo.

Yameambiwa na nani. Naosha vyombo, nalisikia. Dawa huua kansa kwa kuidhuru, majani nayo yanazuia madhara. Kwa panya mzima wa afya nitajuaje yanamzuilia nani? Kwenye daftari langu hakuna hata kundi moja la panya wenye uvimbe.

Jana binti yake kanipigia, anacheka hadi anakohoa. Kumbe jirani alikuwa anamletea shangazi jagi la mlonge kila asubuhi, naye tangu siku ile anawamwagia kuku. "Anasema anamngoja mwenye panya amalize."

Nimecheka mpaka machozi, kisha nikalifungua daftari na kuchora kundi la tano.

Ila korosho za baba bado zimeanikwa uani, na tangu alfajiri kunanguruma upande wa Newala. Turubai lenyewe kaliazima nani?