Tulipoionyesha filamu ya Moolaadé Chamwino

Upepo wa Dodoma huchachamaa jioni, kwa hiyo shuka jeupe tulilifunga kwenye nguzo mbili zilizofukiwa, tukalikaza pembe zote nne na katikati ya kila upande. Likifungwa juu peke yake linatuna, na sura za watu zinapinda. Jenereta tuliificha nyuma ya ukuta wa shule. Spika tulizishusha chini ya shuka, ili sauti itokee kule watu wanakotazama.

Filamu hiyo ya Msenegali Ousmane Sembène, ya mwaka 2004, inahusu ukeketaji na inazungumzwa Kibambara, na maandishi ya chini hayasomeki kwa aliyekaa nyuma. Kijana wetu alitafsiri kwa kipaza sauti, Kiswahili kwanza, kisha Kigogo kwenye maneno mazito. Penye vitendo alinyamaza, maana mtafsiri asiyepumua huwafanya watu wamsikilize yeye wakaacha kutazama.

Collé, mama aliye mhusika mkuu, alipofunga kamba ya rangi mlangoni kuwakinga wasichana wanne waliomtoroka ngariba, kina mama wa mbele walisimama waione vizuri. Kamba yenyewe iko chini, hata mtoto anaivuka, lakini ndiyo alama ya moolaadé, yaani kinga ya kimila, na wazee wa kijiji hawathubutu.

Ilipokwisha, bibi mmoja aliomba kipaza sauti. “Mbukwenyi,” alitusalimu kwa Kigogo. “Wale wana miguu. Hapa kwetu anakatwa kichanga. Huyo atakimbilia wapi?”

Hilo filamu hailijibu, na kwa Dodoma ndilo zito kuliko yote. Sheria ya mwaka 1998 ilipoharamisha kuwakeketa walio chini ya miaka 18, wengi waliacha kukeketa wasichana hadharani kwa ngoma wakahamia kwa watoto wachanga, ndani, kwa siri. Sababu inayotajwa ni lawalawa: mtoto anawashwa, analia akikojoa, basi inasemwa mizimu imekasirika na dawa yake ni kukatwa.

Muuguzi wa zahanati tulikuwa tumemwalika kwa ajili hiyo. Alieleza kwamba hayo ni maambukizi: mtoto apelekwe apimwe mkojo, amalize dozi, aoshwe kwa maji safi kutoka mbele kwenda nyuma. Wembe hauui vijidudu, unavifungulia kidonda cha kuingilia.

“Basi mwanangu,” bibi akasema, “haya utuambie sisi bibi. Mtoto akilia usiku, tunaitwa sisi.”

Alisema kweli. Maonyesho yaliyofuata tulianza kwa kuwaalika bibi, tukawakalisha mbele pamoja na muuguzi.